Anayejichubua Bondo Alianza kwa Kutafuta Dawa

Kila mjadala wa kujichubua unapozuka redioni au matangani huku Bondo, kando ya Ziwa Victoria, hukumu huwa imeshapitishwa kabla ya kesi kusikizwa. Mshtakiwa ni mwanamke. Kosa lake ni kutojikubali na kutaka kuitwa rachar, yaani mweupe, na wanaume wa mjini. Wahubiri humkemea, wachekeshaji humfanyia mzaha, na wazee hutikisa vichwa. Nimeisikiliza hukumu hiyo miaka mingi na siikubali. Sumu zinazopakwa nyusoni zina madhara makubwa, na nitayataja. Lakini hukumu hiyo inaanza hadithi katikati. Wanawake wengi ninaowajua Bondo ambao nyuso zao zimeharibika, na wanaume pia, hawakuanza kwa kutaka weupe. Walianza na ugonjwa: chunusi zisizoisha, choa cha shingoni, madoa ya mashavuni yaliyobaki baada ya mimba, vipele vya kidevuni baada ya kunyolewa. Walitafuta dawa, wakauziwa kilichokuwepo.

Simama katika duka la dawa karibu na stendi ya Bondo siku ya soko uone biashara hiyo inavyokwenda. Juzi mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja wa omena, wale dagaa wa ziwani, ndoo yake iko chini mguuni, mikono bado ina harufu ya ziwa. Leso alikuwa ameizungusha kichwani ikashuka hadi mashavuni.

“Daktari, nipatie ile krimu ya alama.”

“Ile ya mia mbili ama ya mia tatu?”

“Ile ya siku ile.”

“Imebaki ya mia tatu, mama. Hii hata ni nzuri kuliko ile.”

“Haya, lete. Na Panadol za ishirini.”

Tyubu ikafungwa kwenye kipande cha gazeti, pesa zikatumwa kwa M-Pesa, akajitwika ndoo yake akaondoka. Hakuna aliyemwomba ashushe leso uso uonekane. Hakuna aliyemuuliza ameipaka kwa muda gani, kama ana mimba, au kama mtoto anayemnyonyesha hulalia shavu lilo hilo. Yule kijana wa kaunta, ambaye kila mteja humwita daktari, simwoni kuwa mtu mbaya. Ana foleni, ana kodi ya kulipa, na anajua kwamba akimwambia mama huyu aende kwanza hospitali, mama atavuka barabara na kununua kwa jirani.

Krimu za namna hiyo mara nyingi ni klobetasoli ya asilimia 0.05, au ni tyubu iliyochanganywa steroidi, dawa ya kuvu na antibiotiki kwa pamoja, ili ugonjwa wowote utakaokuwepo upate kitu chake. Klobetasoli si sumu. Ni dawa halali, na kwa kazi yake ni dawa nzuri sana. Imo katika kundi la steroidi kali kuliko zote zinazopakwa kwenye ngozi. Daktari humwandikia mtu mwenye ukurutu sugu viganjani au nyayoni, apake kidogo kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha apumzike. Haikukusudiwa uso, wala kupakwa kila asubuhi kama mafuta ya mgando.

Wiki ya kwanza humfurahisha kila mtu. Mwasho unakatika, uvimbe unatulia, chunusi zinanywea. Kwa kuwa steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza melanini, uso unatakata na kuwa mweupe kidogo. Majirani wanauliza unatumia nini siku hizi. Miezi ikisonga, ngozi inakonda hadi vimishipa vinaonekana. Michirizi inatokea kwapani na mapajani, nywele zinaota kidevuni mwa mwanamke, na chunusi zinarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Akiacha ghafla, uso unawaka moto, unavimba, unawasha na kutoa vipele vya usaha. Yeye anaamini kwamba ni ule ugonjwa wake wa zamani uliorudi, maana alipokuwa akipaka haukuwepo. Anarudi kaunta. Akiipaka mwili mzima kwa miaka, dawa inaingia kwenye damu na kuzilaza tezi zilizo juu ya figo ambazo hutengeneza homoni ya aina hiyohiyo. Siku krimu ikikosekana, mwili hauna akiba. Anaishiwa nguvu, shinikizo la damu linashuka, na hakuna anayehusisha hali hiyo na tyubu iliyoisha wiki iliyopita. Ikipakwa karibu na macho, inaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho hadi mtu akapoteza uwezo wa kuona.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya hayo yote. Ngozi hutangulia kusema kabla ya viungo vya ndani, na krimu hizi huinyamazisha. Choa kikipakwa steroidi hupoteza lile duara lake linalokitambulisha. Kingo zinafifia, mwasho unapungua, na kuvu inaendelea kutambaa chini kwa chini hadi hata mhudumu aliyesomea anashindwa kukitambua. Upele wa familia nzima, ambao ungekwisha kama watu wote wa nyumba wangejipaka losheni yake usiku mmoja na kurudia baada ya siku chache, unabaki ukizunguka kutoka godoro hadi godoro kwa sababu mwasho umepunguzwa na wadudu wako hai. Na sisi tunaishi Siaya. Kaunti yetu, pamoja na Homa Bay, Kisumu na Migori, imebeba mzigo mkubwa wa HIV kuliko karibu sehemu nyingine zote za Kenya. Vipele vinavyowasha miguuni na mikononi visivyopona na mkanda wa jeshi kwa kijana mwenye nguvu zake ni miongoni mwa ishara za mwanzo kabisa kwamba mtu anafaa kupimwa. Madoa ya zambarau ya saratani ya Kaposi huja baadaye, kinga ikiwa imeshuka sana. Dawa za kuokoa maisha ya mtu huyo zipo Bondo, bila malipo. Kaunta inamuuzia krimu, kipele kinafifia, na anapoteza miezi ambayo hangestahili kuipoteza.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kwamba habari za ngozi ni mambo ya urembo, mambo ya akina dada wa mjini, najua hajakaa karibu na mgonjwa wa ngozi.

Mwambao huu umewahi kufunzwa somo hili kwa namna iliyopaswa kututosha. Mwaka 2001 jarida moja la sayansi ya mazingira lilichapisha utafiti wa Masazumi Harada na wenzake kutoka Japani. Harada alikuwa daktari aliyeyatoa maisha yake kwa wahanga wa Minamata, mji wa wavuvi ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa wake ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba kando ya Ziwa Victoria watu wanachimba dhahabu kwa kutumia zebaki na kula samaki kila siku, lazima atashtuka. Yeye na wenzake walipima nywele za watu upande wa Tanzania, kisha wakapima za watu wa eneo la Kisumu. Katika baadhi ya nywele hizo walikuta zebaki nyingi kupindukia. Haikuwa ile ya samaki, ambayo ni ya aina nyingine na vipimo huitofautisha. Ilitoka kwenye sabuni za kuogea zilizotengenezwa Ulaya zikiwa na iodidi ya zebaki, zilizokuwa zikiuzwa waziwazi katika masoko yetu kwa ajili ya kung'arisha ngozi. Watumiaji walilalamikia kutetemeka mikono, uchovu, kizunguzungu, na mabaka meusi na meupe mwilini.

Na hata hapo Kenya ilikuwa imeshaonywa. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kuhusu wagonjwa waliofika wakiwa wamevimba nyuso na miguu, figo zao zikivujisha protini kwenye mkojo. Walipouliza vizuri, wakagundua kwamba sehemu kubwa ya wanawake miongoni mwao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, ndiyo maana ngozi hutakata; lakini haibaki kwenye ngozi, inapita na kwenda kujikusanya kwenye figo. Baadhi ya wagonjwa hao walipata nafuu baada ya kuacha krimu.

Sheria za Ulaya zilikataza zebaki katika sabuni na krimu za watu wao tangu 1976. Viwanda vya hukohuko, Uingereza na baadaye Ireland, viliendelea kuchemsha sabuni hizo kwa ajili yetu. Umoja wa Ulaya ulikuja kukataza kuziuza nje mwaka 2003. Ni zaidi ya miaka 25 ambayo kitu kilichoonekana hakifai kugusa shavu la mtoto wa Dublin kilionekana kinafaa kugusa la mtoto wa Dunga, Kisumu. Anayetaka kuwakemea wanawake wa Kisumu kwa kujichubua aanze kwanza na hilo.

Hapa Bondo zebaki ina mlango wa pili. Machimbo ya Abimbo yalijulikana nchi nzima Desemba 2021, yalipoporomoka na kuwafukia wachimbaji. Kisichozungumzwa ni kazi inayofanyika juu ya shimo. Mawe yakishasagwa, wanaoosha mchanga na kuukorogea zebaki ili ikamate chembe za dhahabu mara nyingi ni akina mama, mikono mitupu, watoto wakicheza kando. Kisha donge linachomwa moto, zebaki ikapaa kama mvuke na wote wakaivuta. Kwa hiyo mwanamke mmoja wa Bondo anaweza kuigusa sumu hii mchana kwa viganja akitafuta karo, na kuipaka usiku kwa jina jingine. Waliochunguza familia za watumiaji wa krimu hizo huko Marekani walikuta zebaki hata ndani ya miili ya watoto na wanaume ambao hawakuwahi kupaka chochote. Taulo moja na shuka moja zilitosha.

Sheria hatujakosa. Mwaka 1998 Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na orodha ya majina ikatangazwa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika mwaka 2017, na Kenya ikauridhia mwaka 2023. Novemba mwaka huohuo, nchi wanachama zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba kufikia 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome, bila ile nafasi ndogo iliyoachwa awali kwa vyenye kiwango cha chini. Steroidi kali hazipaswi kuuzwa bila maagizo ya daktari. Kwenye karatasi, mama wa omena amelindwa pande zote.

Nenda Kibuye, Kisumu, jioni, uone karatasi hizo zinavyofanya kazi. Vibanda vya vipodozi vina mitungi yenye maandishi ya Kifaransa yaliyoandikiwa watumiaji wa Kinshasa na Abidjan, picha za karoti na ndimu, na ahadi ya rangi moja mwili mzima. Asiyeweza kununua mtungi hupimiwa. Muuzaji huchota kijiko cha huu, kijiko cha ule, kifuniko cha mafuta, anakoroga kwa kijiti ndani ya kopo la plastiki na kulifunika. Kopo halina jina, halina tarehe, halina nambari ya KEBS, na hata muuzaji mwenyewe hawezi kukueleza kilichomo kwa sababu naye alipimiwa na mwingine. Mpaka wa Busia hauko mbali, na ziwa lina fukwe nyingi kuliko maafisa. Mkaguzi anayengoja kontena bandarini Mombasa hatakutana na kopo hilo maisha yake yote.

Haidrokwinoni nayo nisiiruke, kwa kuwa huenda ndiyo iliyomo katika mengi ya makopo hayo. Kwa kiwango kidogo, kwa miezi michache, mbele ya daktari, hutumika kutibu madoa. Ikipakwa kwa nguvu na kwa miaka, hasa kwa mtu anayeshinda juani, hugeuza mashavu kuwa meusi yenye rangi ya buluu, yenye chembechembe ngumu, na weusi huo hautoki kwa urahisi hata kwa mashine za bei ghali. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huo miaka ya sabini, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Mwanamke aliyeanza na doa dogo la mimba anaishia na uso mweusi kuliko aliokuwa nao, na kwa kuwa anaamini ni doa limekua, anaongeza krimu.

Sasa niseme neno kuhusu urembo wenyewe, kwa sababu wengi wanaopigania afya ya ngozi huuonea haya. Mtu ana haki ya kutaka uso wake upendeze. Msichana wa chuo kikuu cha Jaramogi hapa Bondo anayeinamisha kichwa darasani kwa sababu ya chunusi anaumia kweli, na kumwambia kwamba Mungu alimuumba vizuri hakumponyi. Anahitaji benzoili peroksaidi ya bei nafuu, maelezo ya namna ya kuipaka bila kujiunguza, na mtu wa kumwambia kwamba itachukua miezi mitatu kuona tofauti. Mama mwenye madoa ya mimba anahitaji kujua kwamba mwanga ndio unaoyalisha madoa yake, na si miale ya jua isiyoonekana peke yake; hata mwanga tunaouona kwa macho huichokoza ngozi nyeusi. Krimu ya jua yenye rangi, ile iliyotiwa oksidi ya chuma, humkinga vizuri zaidi kuliko ile nyeupe. Asiyeimudu, kofia pana ya makuti na kuhamishia uanikaji wa omena asubuhi na mapema vitamsaidia kuliko mtungi wowote wa Kibuye. Ipo asidi ya azelaiki, ambayo hupunguza chunusi na madoa pia, na inaruhusiwa hata wakati wa mimba. Hivi si vitu vya ajabu. Tatizo ni kwamba hakuna anayevitaja pale kaunta, kwa sababu faida yake ni ndogo na matokeo yake ni ya polepole.

Vile vidoti vyeusi vidogo vinavyoota mashavuni mwa watu wazima wengi wa ngozi yetu, mara nyingi kwa ukoo mzima, havina madhara hata kidogo. Anayetaka viondolewe, daktari huvichoma kimoja kimoja kwa umeme mdogo. Mtaani hupakwa tindikali kwa kijiti, na mahali pa kidoti panabaki kovu la maisha. Keloidi ya sikio au ya kifua ikikatwa tu bila matibabu mengine hurudi, tena mara nyingi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Tiba yake ya kawaida huanza na sindano ya steroidi ndani ya kovu lenyewe. Hapo steroidi imekaa mahali pake. Hii ndiyo sababu sipendi kampeni zinazotaja dawa kana kwamba ni shetani. Dawa ileile inaponya ikiwa mikononi mwa aliyesomea, na inaharibu ikipimwa kwa kijiko sokoni.

Na wanaume wasijifiche nyuma ya mjadala huu. Kwenye vinyozi vya Bondo na Usenge, mteja akishanyolewa hadi ngozi, hupakwa spiriti, halafu dada wa pale anamsugua uso na kumalizia kwa krimu kutoka kwenye kopo lisilo na jina. Vipele vya ndevu hutokana na nywele ya kipilipili iliyokatwa karibu mno ikajikunja na kurudi kuingia kwenye ngozi. Kinyozi akiacha ndevu fupi kidogo badala ya kuzikwangua, vipele vingi vitakwisha vyenyewe. Badala yake wanaume wanapakwa steroidi kila wiki mbili na kuondoka wakijiona wamependeza, bila kuitwa wajichubuaji na mtu yeyote.

Matibabu ya urembo ya kiwango cha juu nayo yameshafika Kisumu, na yanateremka kuelekea kwetu kupitia simu. Kuna wanaochubua uso kwa asidi kwenye saluni, na kuna wanaotangaza dripu na sindano za glutathioni. Glutathioni ni kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe. Kuidunga kwenye mshipa kwa ajili ya weupe hakujathibitishwa kuwa salama, na mamlaka za dawa za Marekani na Ufilipino zimetoa tahadhari dhidi ya sindano hizo. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta katika kliniki moja ya urembo Nairobi, na baraza la madaktari, KMPDC, likaifunga. Kama kliniki ya barabara kubwa ya mji mkuu inaweza kufika huko kabla ya kufungwa, chumba cha nyuma cha saluni ya mji mdogo kitakaguliwa na nani? Anayetaka huduma kama hizo aulize kwanza leseni ya anayemgusa, na aione kwa macho yake.

Kuna kundi jingine ambalo kwao krimu ya jua si urembo hata kidogo. Ikweta inapita Maseno. Bondo tuko kusini yake kwa umbali mfupi, na ziwa hutupa mwanga usoni mara ya pili. Mtoto mwenye ualbino anayekua katika fukwe za Wichlum au Uhanya, akisaidia wazazi kuanika samaki, anaunguzwa kila siku, na saratani ya ngozi humfikia akiwa bado kijana. Serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, hutoa losheni ya jua kwa watu wenye ualbino bila malipo. Losheni ikichelewa mwezi mmoja, kwa mtoto huyo ni sawa na dawa ya kisukari kuchelewa kwa mgonjwa wa kisukari. Inafaa kuhesabiwa stoo kwa uzito uleule.

Nini kifanyike? Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele kwa afya ya umma. Azimio hilo peke yake haliponyi choa, lakini linazipa kaunti hoja ya kusimamia, na hoja hiyo itumike. Madaktari bingwa wa ngozi Kenya ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Tukingoja kila kaunti ndogo ipate wake, watoto wetu watazeeka. Majirani zetu walishapata njia nyingine. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilifunguliwa mwaka 1992, na kimefundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika wawe watu wa ngozi katika hospitali za wilaya walikotoka. Tabibu mmoja aliyefunzwa hivyo, mwenye taa nzuri, kioo cha kukuzia na darubini ya kutazamia kuvu, anaweza kutibu sehemu kubwa ya yanayoletwa kwenye kaunta za Bondo, na kujua ni nani wa kupelekwa Kisumu kwenye hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia hadi leo. Leo mgonjwa anaanza na Russia: nauli ya kwenda na kurudi, biashara ya siku imelala, na huenda aliyemfuata hayupo. Si ajabu akachagua tyubu ya mia tatu.

Wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023 tayari wanaingia nyumba kwa nyumba. Wafundishwe kutambua upele, choa, doa lisilo na hisia na uso uliozoea steroidi, na wafundishwe kuuliza bila kusuta. Mwanamke akisutwa ataficha kopo chini ya kitanda na hatasema kamwe. Akiulizwa kwa upole atalileta mwenyewe, na hapo ndipo KEBS na Bodi ya Famasia na Sumu watakapojua ni nini hasa kinauzwa. Maafisa wao waje Bondo siku ya soko, wachukue sampuli za makopo yanayopimwa kwa kijiko, wazipime zebaki, na watangaze matokeo kwa Kidholuo kwenye redio za hapa. Wamwandame anayeleta mitungi kwa katoni. Muuzaji wa kibanda apewe nafasi ya kurudisha mali bila kupelekwa mahakamani, la sivyo soko litahamia gizani.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika katika bunge la Siaya kufikia tarehe 30 Aprili na huhitaji kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Katikati ya tarehe hizo kamati ya bajeti inatakiwa kisheria kusikiliza umma, na kwa kawaida wanaofika ni wachache, wengi wakiulizia barabara na karo. Mwaka huu wafike akina mama wa omena, vinyozi, wanafunzi wa chuo, wazazi wa watoto wenye ualbino na wenye maduka ya dawa. Waombe tabibu mmoja wa ngozi kwa hospitali ya Bondo, na siku moja ya ngozi kila wiki inayotangazwa na kutobadilika. Waombe pia fungu la kununulia benzoili peroksaidi, losheni ya upele, dawa za kuvu na krimu ya jua, ili anayetoka kuchunguzwa aende nyumbani na dawa yake mkononi siku hiyohiyo.